Ngassa alivyoungama kwa katekista

Ditram, acha jembe usome hii. Ngassa wetu ameumbuka hapa kijijini Ulaya, na mimi nina hasira.

Si unajua Jumamosi anaungama kwa mara ya kwanza ndipo apokelewe Kanisani? Leo katekista Beda akawafanyisha mazoezi. Akakaa yeye kama padri. Wenzake wakapiga magoti wakataja uvivu na matusi, dhambi za mfano tu. Ngassa akasema ya kweli. Ya kweli kabisa, Ditram, mzee mzima.

Kwamba ng'ombe waliomaliza maharage ya yule mjane Doris walikuwa wake, na alinyamaza mfugaji mwenzake Maduhu alipofukuzwa kijijini kwa kosa hilo.

Kufika mchana Doris anajua. Ngassa akamfuata Beda.
"Mwalimu, si ulisema ni siri?"
"Siri ni ya padri, mzee. Mimi nilikuwa nafundisha."

Eti nafundisha.

Sasa Doris amekaa uani kwa Ngassa, hata maji hataki. Anataka Maduhu atafutwe, arudishwe. Ngassa anavaa viatu, anakwenda Mikumi kumtafuta. Nikamuuliza, na Jumamosi kwa padri?

"Nimeshapiga magoti mara moja," akasema. "Inatosha."