Baba, Nimemsomea Wandera

Baba,

Kiti chako cha kamba bado kiko barazani na hakuna anayekikalia. Mama hukipangusa tu vumbi, halafu anaingia ndani. Mimi nimekaa chini kando yake, kama siku zile, ndipo niweze kuandika. Kwa mdomo singeweza. Unanijua.

Wenzangu shuleni walifikiri wewe, jaji mkubwa wa mahakama yetu, una mambo ya siri nyumbani. Hawakujua siri yenyewe ni mimi. Kila hukumu uliiandika kwa Kiingereza, ukaniita, ukanisomea, ukasema, "Haya Nabwire, nirudishie kwa Kiswahili cha sokoni." Nikikwama, hukunigombeza. Ulikata sentensi yako ukaandika nyingine. "Kama mtoto wangu haelewi, yule aliyeshindwa ataelewaje?" Maana ulianza na aliyeshindwa siku zote. Ulimsomea yeye kwanza, uso kwa uso, kabla ya mwenye kushinda kuanza kuchekelea.

Halafu ikaja ile tume, ya kuchunguza nani alianzisha kurusha mawe kwenye mkutano wa siasa pale Malaba. Mzungu mwenyekiti, na wewe pembeni yake. Wewe uliyeanza kazi ukiwa tarishi wa baiskeli, ukipeleka samansi hadi Moding! Nilijivuna mpaka nikaogopa watu wataniona.

Chama cha siasa cha hapa kwetu kilikuwa kimesema ni watu wa ng'ambo ya mpaka. Wewe uliandika kwamba ni Wandera, ndugu yako wa tumbo moja, katibu wa chama. Aliwaleta vijana kwa lori na akawaagiza warushe.

Hapo ndipo nilipokukosea, Baba. Uliponisomea, nilirudisha hivi: "Vijana waliokuwa na Wandera walirusha mawe." Wandera ni baba yangu mdogo, ndiye aliyenibeba kwa baiskeli kwenda shule darasa la kwanza lote. Sikuweza kutamka kwamba yeye ndiye aliyewaagiza.

Ukavua miwani. "Hapo umemsaidia. Rudia."

Nikalia. Ukangoja nimalize, ukasema tena, "Rudia." Nikarudia vizuri. Ukasema utamsomea mwenyewe ukipata nafuu ya kifua. Hukupata.

Sasa nikuambie ya matanga. Ripoti ilikuwa imeshafika kwa DC, mkuu wa wilaya, na watu wamesikia. Siku ya tatu baada ya kukuzika, baba mdogo alisimama mbele ya wazee wote wa Busibwabo, amevaa koti lako lile jeusi alilopewa na Mama. Akasema, "Ndugu yangu hangeandika jina langu. Ni Mzungu aliandika. Yeye alitiwa kalamu mkononi tu, mgonjwa wa watu." Wakaitikia kwa huruma. Mmoja akasema kwa sauti, "Jaji wa kuweka sahihi!" Wakacheka kidogo, Baba. Wakakucheka kwako.

Niliingia ndani, nikafungua sanduku lako la bati, nikatoa zile karatasi zenye mwandiko wako na mikato yako. Mama aliniona na hakunizuia.

Nikaenda mbele ya baba mdogo, si mbele ya wazee. Nikasema, "Baba alitaka wewe usikie kwanza. Alichelewa." Nikamsomea Kiingereza, kisha Kiswahili, macho kwenye karatasi. Nilipofika kwenye "akawaagiza," nililisema lote.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo akaichukua karatasi. Akaitazama sana ile "W" yako yenye mkia. Nilidhani ataichana.

Akaniuliza, "Aliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na alilikata neno mara tatu, mpaka likawa wazi."

Akarudisha karatasi. Akakaa kwenye mkeka kama mtu aliyeitwa kortini, akasema, "Rudia."

Nikarudia, Baba. Safari hii nikimwangalia yeye. Mwishoni akawaambia wale wazee, "Ni maneno ya ndugu yangu. Hayo ni yake." Yule mzee wa sahihi akavua kofia.

Sasa lala, Baba. Shule inafunguliwa Jumatatu na nitaenda na kalamu yako. Sijui kama wasichana huwa majaji. Nikiwa chochote, nitamsomea aliyeshindwa kwanza, na pale pagumu sitamsaidia.

Mwanao,
Nabwire