Bawaba za Buti la Mzee Obare

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituo cha polisi, mjini Migori, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024.
Jina: Joyline Nyasuguta
Umri: miaka 31
Kazi: mshonaji wa viti vya magari
Makazi: Migori mjini
Lugha: Kiswahili

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nafanya kazi katika uwanja wa gereji ulio nyuma ya soko. Kibanda changu kimepakana na mahali pa Werema Nyangi, fundi wa bodi za magari, na katikati yetu kuna ukuta wa mabati tu. Sina undugu naye. Yeye ni Mkuria kutoka upande wa mpakani, mimi ni Mkisii. Nimekuja kwa hiari yangu baada ya kusikia kwamba amewekwa ndani kwa madai ya kumpiga Mzee Joash Obare. Nilikuwepo wakati Mzee alipoanguka.

Mzee Obare ni dereva wa malori aliyestaafu, anaishi Rodi Kopany. Ana gari la spoti la zamani, la milango miwili, rangi ya machungwa, lililotengenezwa mwaka 1972. Alilinunua likiwa limeoza na amekuwa akilifufua kidogo kidogo. Viti vyake nilivishona mimi. Kilichokuwa kimebaki ni buti, yaani sehemu ya mizigo ya nyuma. Bawaba zake, ambazo sisi gereji huziita hinji, zilikuwa zimeliwa na kutu, na ya kulia ilikuwa imekatika kabisa. Mzee alikuwa akifunga buti kwa kamba ya katani na hilo lilimuumiza roho. Hinji za gari kama hilo haziuzwi dukani. Mzee alipata ya kushoto kwenye gari lililokufa huko Kosele, lakini ya kulia haikupatikana popote. Werema aliitengeneza mwenyewe kwa bamba la chuma, akiifananisha na ile ya kushoto kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Niliziona zote mbili mezani kwake. Kama si rangi ya chuma, nisingejua ipi ni ya kiwandani.

Mnamo Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, asubuhi, Mzee alileta gari. Alikuja na mpwa wake, Levis, ambaye ndiye mlalamishi. Werema alitandika blanketi zangu mbili juu ya rangi, akabandika tepu ya karatasi kuzunguka mahali hinji za zamani zilipokaa, ili ajue pa kuanzia. Kisha akaondoa springi. Hizi ni fimbo mbili za chuma zilizo chini ya kifuniko. Zimepindwa kwa nguvu sana, na nguvu hiyo ndiyo inayoinua buti likifunguliwa. Alizitoa kwa bomba refu, polepole, amesimama pembeni. Alituambia wote, “Hizi zikiponyoka zinavunja mfupa. Mtu asiweke kichwa hapa.”

Ni kweli kwamba walibishana. Sauti zilipanda na Levis alizisikia. Tundu za hinji mpya ya kulia hazikukutana vizuri na za kwenye mwili wa gari. Mzee alitaka mwili wa gari utobolewe upya ili kazi iishe. Werema alikataa.

“Mzee, nikitoboa hapa sitaweza kurudisha. Kosa ni la hinji yangu, si la gari.”

“Mimi ndiye mwenye gari.”

“Ndiyo, Mzee. Na mimi ndiye nitakayelaumiwa na gari.”

Mzee alinung'unika, kisha akacheka, akaja kuketi kwangu. Aliniambia, “Nyara, huyu mtu ana kiburi cha haki.” Yeye huniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo. Werema alirudisha hinji kwenye jiko la makaa, akaigonga upya hadi tundu zikakubaliana. Hakukuwa na hasira iliyobaki. Walikunywa chai pamoja. Wakati huo Levis alikuwa ameenda sokoni, kwa hiyo aliondoka na ugomvi masikioni na hakuona ulivyoisha.

Mchana, hinji zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa bolti ambazo hazijakazwa. Kifuniko kilishikiliwa na ubao. Werema alirudisha springi ya kushoto salama. Akaanza ya kulia. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko upande wangu. Washa moja, ile pete bapa ya chuma inayowekwa chini ya bolti, ilidondoka ndani ya buti, na Mzee, bila kufikiri, akainama kuiokota. Uso wake ukawa mbele ya springi kabisa. Hapo ndipo bomba lilipoanza kuteleza. Nililiona likiteleza.

Werema angeweza kuruka nyuma. Nafasi ilikuwepo. Badala yake alibaki ameng'ang'ania bomba kwa mkono wa kulia, akamsukuma Mzee kifuani kwa bega, kwa nguvu zake zote. Mzee akaanguka chali, kichwa kikagonga jiwe tunalowekea jeki. Springi ikafyatuka ikapiga vidole vya Werema kwenye ukingo wa buti. Nilisikia sauti ya mfupa. Yeye hakupiga kelele. Alisema tu, “Mwangalie Mzee.”

Levis alikuwa akiingia langoni. Aliona bega likimsukuma mjomba wake, na damu. Springi hakuiona, na kutoka pale asingeweza kuiona. Simlaumu kwa alichodhani, lakini sicho kilichotokea.

Werema ndiye aliyembeba Mzee hadi kwenye gari la jirani, probox, mkono wake mmoja ukining'inia. Mimi nilishika kichwa cha Mzee kwa kitambaa. Njiani Mzee alikuwa anapoteza fahamu na kurudi. Alisema mara mbili, “Msiache buti langu wazi.” Hospitalini walimpokea Mzee, wakamfunga Werema vidole vitatu kwa vijiti na bendeji. Levis alimwambia aondoke mbele yake kabla hajamfanyia kitu kibaya. Werema aliketi nje kwenye ngazi mpaka muuguzi akatoka kutuambia Mzee atapona. Hapo ndipo tulipoondoka.

Nimesikia kwamba Levis ameeleza hapa kuwa Werema alimwangusha mjomba wake kisha akarudi kazini kama mtu asiye na moyo. Naomba hilo liandikwe vizuri. Tulirudi kwa sababu kifuniko kilikuwa kimeegemea ubao, upande mmoja una springi na mwingine hauna, na wingu lilikuwa limeshajaa upande wa Masara. Kingepinda. Na Mzee alikuwa ameomba.

Werema aliniambia, “Joyline, leo mikono ni yako.”

Nilimwambia mimi ni wa nyuzi na sindano. Alisema, “Basi unajua kitu kilichokaa upogo.”

Tulianza na ile springi. Niliogopa, siwezi kuficha. Alinisimamisha pembeni, akaweka mkono wake mzima juu ya yangu kwenye bomba, tukasukuma pamoja hadi ikaingia mahali pake. Baada ya hapo hakugusa kitu tena ila kwa macho na kwa ncha ya kidole cha kushoto. Alinifanya nitoe loki ya buti kwanza, ili isivute kifuniko kwa uongo. Akanifanya nishushe kifuniko taratibu, nichungulie mwanya kati yake na mwili wa gari, kushoto, kulia, na karibu na kioo. Kushoto ulikuwa mpana, kulia kifuniko kilikuwa karibu kukwaruza rangi. Nililegeza bolti, nikasogeza kifuniko kiasi cha unene wa ukucha, nikashusha tena. Kona moja ilikuwa imeinuka, akaniambia niondoe washa moja chini ya hinji. Tulirudia mpaka nikaacha kuhesabu. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu na jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, lakini kila nilipokosea alisema tu, “Karibu. Shusha tena.” Hakuniharakisha hata mvua ilipoanza kugonga mabati.

Mwisho mwanya ukawa mmoja kuzunguka kote. Nilikaza bolti moja baada ya nyingine, kushoto na kulia kwa zamu, kisha nikarudisha loki. Akaniambia nifunge. Nilitaka kukandamiza kama tulivyozoea. Akasema, “Usisukume. Kiachie.” Nikakishusha hadi karibu kabisa na loki, nikakiachia. Kilishuka chenyewe, kikafunga kwa sauti moja ndogo, kama mlango wa kabati la nguo. Nimeshona viti vya magari mengi na sijawahi kuona kazi iliyonyamaza namna hiyo. Nililia kidogo. Yeye aligeukia ukuta.

Maofisa walikuja jioni hiyo. Aliwaomba ruhusa ya kufunika gari kwa turubai, wakamkubalia, kisha akaenda nao bila ubishi. Hakuwaambia kuhusu springi. Nilipomuuliza langoni kwa nini anyamaze, alisema, “Mzee akiamka atasema.” Lakini Mzee ameamka na hakumbuki chochote cha mchana ule. Ndiyo maana nimekuja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyashika kwa mikono yangu. Nimesomewa, nimeelewa, na sina la kuondoa.

Sahihi: J. Nyasuguta

MAANDISHI YA OFISA: Maelezo haya nimeyachukua mimi, Koplo Ratemo, na kumsomea shahidi kabla ya kutia sahihi. Baadaye nilienda gereji pamoja na mlalamishi kukagua gari. Bomba, jiwe na alama ya pigo kwenye ukingo wa buti vinalingana na maelezo. Mlalamishi alifungua buti, akalishusha, akaliachia, likafunga. Aligusa alama ya pigo ukingoni, kisha akaomba kuondoa malalamiko. Mshukiwa ameachiliwa leo alasiri. Kwa kuwa vidole vyake vinahitaji kupigwa picha ya eksirei, mlalamishi amempeleka hospitalini mwenyewe; nimewaona wakitoka, akimshikia mlango.