Bomba Limefungwa

Jumanne, 4 Machi
Bomba la jikoni limenichosha. Mwanzo lilidondosha, sasa linatiririka, na mpini wake unazunguka tu bila kukamata kitu. Mke wangu kasema aitwe fundi. Fundi wa nini? Mimi si mwanamume? Nimeropoka hivyo mbele ya mama mkwe, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Mama mkwe yuko hapa wiki ya pili. Anaondoka Jumamosi. Tangu afiwe na mumewe anaishi peke yake, na mke wangu anataka akae nasi moja kwa moja. Mimi pia nataka — kweli, wala sijilazimishi. Lakini kila tukimwambia, anasema kwake kuna mambo. Mambo gani, hasemi. Na tunavyomtunza kama yai! Hashiki ufagio, haoshi hata kikombe alichonywea. Kiti kizuri cha dirishani tumempa yeye. Tufanye nini tena?

Jumatano, 5 Machi
Nimenunua bomba jipya. Muuza vifaa kaniuliza: nusu inchi au robo tatu? Nikajibu kwa sauti nzito, nusu. Sikujua! Nimefika nyumbani, nimepima, ni nusu. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, 6 Machi
Nati ya zamani imeganda kwa kutu. Jioni nzima nimelala chali chini ya sinki, vumbi la kutu machoni. Haikusogea hata unywele. Nimeitia mafuta, nimeiacha.

Mama mkwe alikuja kuchungulia. Pole baba, kasema. Akasimama pale, kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikamwambia, mama, kapumzike. Akaenda kukaa.

Ijumaa, 7 Machi
Siku gani hii!

Nati imelegea. Bomba kuukuu nje, jipya ndani! Nimezungusha tepu nyeupe kwenye uzi wake, nimekaza kwa spana. Bado kufungulia maji. Koki kuu, niliyoifunga kabla ya kuanza, iko nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, na mimi nilitaka kubaki ndani niangalie kama panavuja. Mke hajarudi kutoka kazini. Nani afungulie? Nikaona haya kumtuma mama mkwe. Kumbe keshavaa ndala, keshafika.

Akauliza kutoka nje: "Baba, bomba limefungwa?"
"Limefungwa, mama!" Kwa majivuno.
"Sawasawa?"
"Sawasawa kabisa! Fungulia!"

Loo! Mwenzangu aliuliza kama nimelifunga maji yasitoke. Mimi nikajibu kwamba nimelifunga mahali pake. Lilifungwa, naam — likiwa wazi! Maji yakagonga sinki, yakanirukia usoni, yakaenda mpaka kwenye unga. Napiga kelele, funga, mama, funga! Naye: "Si umesema limefungwa?" Tukabishana hivyo kupitia ukuta, mtu na mkwewe, kwa sauti ambazo hatujawahi kutumiana.

Alipoingia akanikuta nimelowa chapachapa. Alicheka mpaka akashika meza. Sijawahi kumsikia akicheka. Nikainama kuchukua dekio, akaniwahi. "Nipishe."

Akawa anapiga deki, haniangalii, akasema: Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — ninyi wiki ya pili hii mnanipa kiti. Niliona aibu kwelikweli. Nikamwambia jembe hatuna, mama, spana ipo.

Jumamosi, 8 Machi
Halivuji hata tone! Nimelifungua na kulifunga mara ngapi sijui, kwa raha tu.

Basi lake ni saa nne. Begi liko mlangoni tangu alfajiri. Yeye yuko jikoni, kateremsha sufuria zote. Eti zilipangwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa. Mke wangu alitaka kumwambia, mama, acha. Nikamkonyeza.

Sasa anaita kutoka bafuni. Bomba la huko nalo analitilia shaka, nimpelekee spana. Mke wangu ananionyesha saa ya ukutani, ananong'ona tumkumbushe basi.

Nimemwambia ngoja kwanza, naitafuta spana. Naitafuta polepole sana.