Ukuta wa Spana

Nyumba ya Mafundi,
Nyuma ya Ghala la Mbao,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mama na watoto. Kifua cha mama kinaendeleaje tangu baridi ianze? Bado analala ameketi, au siku hizi anaweza kujinyoosha kidogo? Na goti lako lile? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka. Na kuchoka bila kazi, dada, kunauma kuliko kuchoka kwa kubeba zege.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu juzi tulikatizana, wewe ukalia, mimi nikapaza sauti, salio likaisha kabla hatujaelewana. Dereva wa lori la saruji anapita huko wiki hii, amekubali kukuletea hii mkononi. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha njiani. Mwambie mtoto wako wa kwanza akusomee pale utakaposhindwa.

Habari ya shemeji nimeipata. Kwamba mwenye nyumba alimtolea vitu nje kwa kuogopa ugonjwa huu, kwa kuwa shemeji anapiga deki hospitali, na mdogo wetu amekwama na gari mpakani, basi mkewe akaja kwako na furushi lake. Kwamba umemlaza stoo ya mkaa kwa sababu ya kifua cha mama. Uliniuliza kwenye simu, "Sasa ulitaka nimuue mama?" Sikukujibu vizuri. Nitakujibu humu, lakini kwanza nikusimulie yaliyotokea kwetu, maana bila hayo utaona nakusema tu kama mtu aliye mbali.

Kazi ya ujenzi ilisimama ghafla ugonjwa ulipoingia. Waliokuwa na nauli wakaondoka, tukabaki wanne kwenye nyumba: mimi, fundi wa kuchomelea, seremala mzee tunayemwita Randa, na fundi bomba tuliyempa jina la Spana, kwa kuwa hata akienda kuoga spana yake ilikuwa imechomekwa kwenye taulo.

Mwanzoni tuliishi kama wapumbavu. Tulipika sufuria lile lile la zamani, la watu wengi, na asubuhi tunamwaga. Siku moja Randa akasimama na upawa mkononi akatusomea: "Lipu mnakoroga karai moja moja isigande, lakini wali mnapika kama mnamwaga zege la ghorofa!" Tulicheka, lakini aibu ilitushika. Kuanzia hapo akawa yeye mpishi. Anapima kwa kikombe, kikombe kimoja kwa kila mtu. Vipande vya sabuni vilivyobaki tunavigandamiza viwe kimoja. Maji ya kuoshea mchele tunaoshea vyombo, kisha yanakwenda chooni. Sikusifii umaskini, dada. Nasema tu kwamba tulikuwa tunatupa vitu vingi na hatukujua.

Kisha Spana akaanza kukohoa.

Hospitali walisema vitanda vimejaa, akae chumbani peke yake, apelekwe pumzi ikimshinda. Chumba chake kilikuwa na milango miwili. Mmoja wa chuma, unatokea uani, mwenzetu wa kuchomelea aliutengeneza mwenyewe dhidi ya wezi. Wa pili ulitokea kwenye ukumbi mwembamba karibu na jiko, na huo mbao zake zililiwa na mchwa zamani, likabaki pazia tu. Tulikuwa tunazunguka tukiogopa pazia lile kama chui. Ni Spana mwenyewe aliyetucheka. "Nyie mafundi wa nini?" alisema kutoka kitandani. "Pazia litazuia nini? Matofali yako uani. Jengeni, ndugu zangu, nami nitatumia mlango wa nje."

Tukajenga. Dada, sitakuficha, nilifurahi. Mikono ilikuwa na njaa ya kazi. Nilipiga lipu ile nikaisugua mpaka ikawa laini kama jalada la daftari, Randa akaipapasa akasema hata bosi hajawahi kuniona nikifanya hivyo. Chakula tulimzungushia uani, tunakiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, tunarudi nyuma, naye anafungua.

Kuhusu mazungumzo, lilikuwapo bomba la maji linalotoka jikoni na kupita chumbani kwake. Alikuwa analigonga kwa spana. Akigonga mara moja, kaamka salama. Mara mbili, anataka maji. Akigonga ovyo ovyo kama ngoma ya harusi, ujue wali wa Randa umeungua na harufu imemfikia. Wa kuchomelea anainama kwenye bomba na kupiga kelele, "Tulia huko, mpangaji!" Naye anagonga tena, kwa nguvu zaidi. Tulimzoea kama saa ya ukutani.

Asubuhi moja bomba halikugongwa. Tukasema amelala. Tulikuwa jikoni, ng'ambo ya ukuta ule, tukigombana nani kamaliza sukari. Jua lilipokuwa utosini Randa akapeleka chakula, akakuta sahani ya jana yake iko pale pale juu ya ndoo, imejaa sisimizi. Mlango wa chuma ulikuwa na komeo kwa ndani. Tuliusukuma watu watatu. Ulikuwa umetengenezwa vizuri mno.

Basi tukarudi kwenye ukuta. Nilishika nyundo kuvunja kazi yangu mwenyewe, na haikuvunjika upesi, maana saruji sikuipunja. Wa kuchomelea alikuwa nyuma yangu akisema, "Piga, fundi, piga," huku analia.

Tulimkuta sakafuni kati ya kitanda na bomba. Spana ilimponyoka, ikaingia chini ya kitanda asikoweza kuifikia. Alikuwa akituita kwa sauti tangu alfajiri. Watu husema kuta zina masikio. Ule wetu ulikuwa kiziwi. Pazia ambalo tulilidharau lingetupa sauti yake.

Alinitazama nikiwa nimejaa vumbi, akasema polepole, "Fundi, ulinijengea kama kaburi la tajiri." Kisha akajaribu kucheka, kikohozi kikamkata.

Tulimbeba juu ya ubao mpaka barabarani, gari la wagonjwa likamchukua. Hakumaliza wiki. Walimzika watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima, sisi tukatazama kutoka nyuma ya uzio. Nilimuuliza muuguzi kama angepona iwapo tungemsikia mapema. Alisema, "Hilo halijulikani, kaka." Nimebaki na jibu hilo. Ndilo ninaloamka nalo.

Tulifungiwa ndani, tukapimwa, tukasalimika wote. Lile tundu hatujaliziba. Asubuhi tunakaa ukumbini, kila mtu na barakoa yake, viti mbali mbali, kila mmoja anasema alivyolala. Wa kuchomelea huwa anasema amelala vibaya, Randa anamwambia, "Umelala vibaya lakini umekoroma vizuri." Mambo madogo kama hayo. Matumaini niliyo nayo, dada, ni ya karai moja. Nayatumia siku hiyo hiyo, kesho nakoroga mengine.

Randa bado anapima vikombe vya watu wanne. Siku ya kwanza alipogundua aliishika ile sahani ya nne hajui aipeleke wapi. Sasa inakwenda kwa mlinzi wa ghala la mbao, ambaye mwajiri wake alikimbia akamwacha na funguo tu. Hakuna aliyemwambia Randa apunguze.

Sasa nije kwako.

Unga uliolimbikiza kwa hofu, ule ulioniambia umeingia wadudu, usiumwage wala usijilaumu. Uchekeche, uanike juani, na magunia ambayo hujafungua wagawie majirani kabla nayo hayajaharibika. Usingojee wakuombe.

Na shemeji. Sikuambii umlaze karibu na mama. Hofu yako ina sababu, mama akipata ugonjwa huu hatapona. Lakini stoo ya mkaa haina dirisha, mvua zinakuja, na vumbi lile litamwingia mapafuni hata kama hana ugonjwa. Uliniambia huna chumba. Unacho. Ni changu. Kiko upande wa pili wa uani, kina mlango wake na dirisha lake, na mama hapiti huko.

Najua umekitunza kwa heshima. Kila mwaka unaniambia umefagia nje ya mlango. Humo kuna kitanda, suti yangu, na rangi niliyoinunua ya kupaka siku nitakayorudi, ambayo nadhani imeshaganda kwenye kopo. Dada, sijui nitarudi lini. Kile chumba kinamsubiri mtu asiyekuja huku mtu aliyekuja analala kwenye mkaa.

Ufunguo ninao mimi. Nimeuvaa kwenye mkanda miaka yote hii, nikiushika usiku najiona nina kwetu. Usiusubiri. Chukua nyundo ya baba chini ya kitanda cha mama, uvunje kufuli. Suti mpe yeyote itakayemtosha.

Akishaingia humo, vaa barakoa, chakula weka mlangoni urudi nyuma. Lakini usiondoke kabla hajakujibu. Muulize amelalaje. Mtanie, kama mlivyokuwa mnataniana zamani, wewe na wifi yako. Na siku asipojibu, usiseme amelala.

Mfikishie mama salamu, mwambie nakula vizuri, hilo ni kweli. Watoto wote wasalimie, na yule mkorofi wa mwisho mwambie nyundo ni ya kazi ya siku moja, si ya kuchezea. Jirani yetu mshona nguo naye msalimie. Mungu aliyewaacha hai mpaka leo awafikishe kesho, na kesho awafikishe kesho kutwa, hivyo hivyo kidogo kidogo.

Shemeji sikuandikii salamu zake. Nenda umpe mwenyewe, kwa mdomo wako, ukisimama mahali atakapokusikia.

Ndugu yako wa tumbo moja, nikupendaye bila kupungua,

Fundi.