Betri za Tela la Mama

Jumamosi, shambani Mgogoni. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna, na mikono yangu inanuka karafuu hata baada ya kuoga. Nimekaa kwenye ngazi ya tela naandika haya kwa simu. Nina furaha mpaka naona aibu.

Wacha niseme bila kuzunguka: leo nimeshinda.

Kama umeingia leo kwenye ukurasa huu, jambo lenyewe ni hili. Mama ana sukari, anajidunga insulini. Kila msimu wa karafuu ukoo wetu mzima huhamia huku shamba, tukajenga vibanda vya makuti, tukachuma mchana, tukachambua jioni. Huku hakuna umeme, na insulini inataka baridi. Kwa hiyo misimu miwili iliyopita Mama alibaki mjini Wete na friji yake. Tulimwambia aje asubuhi na kurudi jioni, akakataa. Alisema hivyo ndivyo anavyokuja mgeni, na yeye hapa ndipo alipozaliwa.

Tukirudi na magunia alikuwa anakaa karibu nayo, ameinamisha kichwa, anauliza mkarafuu gani umezaa na upi umekauka. Iliniuma. Sijui kama wengine waliona, mimi iliniuma.

Mwaka huu nikaamua kama Mama hawezi kuiacha friji, basi friji itakuja na Mama.

Mimi ni fundi cherehani, si fundi umeme. Lakini kaka yangu Kombo ana tela la kubebea magunia nyuma ya pikapu yake, na mimi nina kichwa kigumu. Tukalijengea ukuta na paa la bati, kitanda, dirisha lenye wavu, taa, feni, na friji ndogo ya volti kumi na mbili. Juu ya paa nikalaza sola mbili. Yote hayo yalikwenda vizuri. Kilichotugombanisha ni betri.

Kombo alitaka betri ya gari. "Betri ni betri tu," akasema, kwa ile sauti yake ya mtu aliyekwisha kuamua. Nilikuwa nimesoma na kuuliza kwa watu wiki nzima, nikamweleza. Betri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa kitambo kidogo, injini iwake, halafu injini yenyewe inaijaza. Ukiifungia friji inayonyonya usiku kucha, ikashuka chini mara kadhaa, imekufa. Nilichotaka ni zile ambazo mafundi wanaziita dipsaiko. Hizo hutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na zinavumilia kushuka na kujazwa tena kila siku.

Hapo Kombo akanuna. Nikamwacha anune.

Dipsaiko nazo zina aina zake. Za maji ni rahisi, na nilikaribia kuzinunua, mpaka nilipoikumbuka njia ya kuja huku. Ni mlima na shimo, shimo na mlima. Asidi ingemwagika kabla hatujafika, na Mama analala juu yake. Lithiamu niliitamani, nakiri. Ni nyepesi, na unaweza kuitumia karibu yote bila kuiumiza. Lakini kiboksi changu cha kudhibiti chaji hakikutengenezwa kwa lithiamu, na sikutaka kujifunza kwa insulini ya mtu. Nikachagua za jeli, zilizofungwa kabisa, hazimwagi wala hazitaki kuongezwa maji.

Mwenye duka kule Chake akaniambia moja inatosha. Kwa friji peke yake, kwa jua la kila siku, alikuwa sawa. Lakini mimi nilikuwa najiuliza swali jingine: jua lisipoonekana siku mbili tatu, itakuwaje? Na hizi hazitaki kushushwa chini ya nusu, ukizishusha unazifupishia maisha. Nikachukua mbili, za aina moja, zilizotoka kiwandani pamoja. Nikaziunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ili volti zibaki kumi na mbili na akiba iwe maradufu.

Kombo akaleta betri kuukuu ya pikapu yake, ati niiunge pembeni iwasaidie wenzake. Nikamwambia hiyo haitasaidia, itazivuta mpya chini. Akanuna mara ya pili. Safari hii alitoa na sharti: friji ikizima hata mara moja, Mama anarudi Wete, na habari ya kulala kambi imekwisha kwake. Mama akasema sawa. Nami nikasema sawa.

Tukaja. Mama akashuka kwenye tela, akaenda moja kwa moja kwenye jamvi la kuchambulia, akakaa mahali pake pa siku zote. Nusu saa baadaye alikuwa anawafokea watu kwa kuchanganya makonyo, vile vijiti vyake, na karafuu.

Leo mchana nimetoka bondeni tulikokuwa tunachuma, nimekuja kuangalia dawa. Nikakitazama kile kiboksi. Sola zinaingiza sifuri.

Jua linachoma utosi, na sola zinaingiza sifuri! Nikabonyeza kuangalia jana. Jana hakuna kitu. Juzi hakuna kitu. Nikapanda ngazi kuangalia nyaya.

Juu ya sola zangu mbili, kutoka ukingo hadi ukingo, zimeanikwa karafuu. Zimetandazwa vizuri, hazikupandana, kazi ya mtu anayejua.

Nikapiga ukelele. Akatokea Bi Mize, shangazi yetu, mama wa makamo anayepanda mkarafuu kuliko vijana. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

"Kwani vibaya? Majamvi yamejaa. Nkaona pahala pasafi, pana joto, kuku hawafiki. Nkaanika."

Alikuwa anaanika asubuhi tukishakwenda bondeni, na kuanua jioni kabla hatujarudi. Ndiyo maana sikuona kitu. Na Mama, aliyekuwa anamwona, alidhani nimemruhusu. Sikuweza hata kumkasirikia. Kwa Mpemba, msimu wa karafuu, kitu bapa kilicho juani kina kazi moja tu.

Bahati yangu, saa hiyohiyo Kombo akaingia na pikapu kuchukua magunia. Akasikia kelele, akauliza, akaambiwa. Siku mbili na nusu bila chaji. Hakungoja amalize kusikia.

"Basi. Mama, vaa buibui lako twende."

Mama aliweka chini konyo alilokuwa nalo mkononi, akaanza kujikung'uta magoti. Nikaona uso wake, na nikaona kwamba hatabishana, kwa sababu alikubali sharti na yeye ni mtu wa neno lake. Sitausahau uso ule.

Nikasema, "Sharti lilikuwa friji ikizima. Fungua friji."

Kombo akaifungua. Kipimajoto nilichokiweka pembeni ya dawa kilikuwa palepale kinapotakiwa. Hakuamini, akaingiza mkono. Akautoa, akaugeuza, akauingiza tena. Nikamwonesha kiboksi: betri zimeshuka, ndiyo, zinakaribia nusu, lakini nusu yenyewe hazijaifikia. Siku mbili na nusu zimelisha friji, taa na feni ya Mama bila kupata chochote kutoka juu. Ingekuwa ile moja ya mwenye duka, au ile ya gari, kufika leo dawa ingekuwa moto.

"Bado baridi," akasema. Alisema taratibu, kwa sababu lilimtoka kwa shida.

Nilicheka mpaka Bi Mize akaniambia niache utoto. Sikuacha. Nimekaa wiki ngapi naambiwa na Kombo betri mbili ni mzigo bure, mzigo bure! Tukazianua karafuu, na zilikuwa kavu kuliko za majamvini. Bi Mize akaivunja moja mbele ya uso wangu ili nisikie inavyokatika. Jua likazigusa sola, namba zikaanza kupanda kwenye kiboksi. Nilizitazama kama mtu anayetazama fainali.

Kombo naye, nimpe haki yake, alikuja kunishika bega. "Umenshinda, weye," akasema. Mdomo umecheka, macho hayajakubali vizuri.

Akapakia magunia, akawasha gari. Mama alikuwa amekwisha kurudi mahali pake, konyo mkononi. Akamwita bila kunyanyua kichwa.

"Kombo. Ukija kesho niletee godoro langu, na insulini ilobaki nyumbani. Yote."

Yote. Ile friji ya Wete anaihama.

Nimebaki na swali moja tu, na hili hakuna betri ya kunisaidia: msimu ukiisha, nani atathubutu kumwambia arudi mjini?