Mfuniko wa Nyuma

Kengeja, Pemba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ajuaye kilichofichwa na kilichodhihiri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake.

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Salum bin Athumani, hapo nyumbani Mikindani. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nataraji barua hii itakukuta u mzima, na goti lililokusumbua Ramadhani iliyopita limepata nafuu. Mimi na shemeji yako Bi Mize hatujambo kwa mwili. Mihogo imetoka vizuri, na wanafunzi wangu wa Kurani chuoni wanaendelea. Haya nayataja kwa kuwa ni haki ya salamu. Moyo wangu hauko humo, na nakuomba ukae kitako kabla ya kuendelea kusoma.

Unajua kwamba tangu nistaafu, baada ya darasa la asubuhi huunda mifano ya boti za doria za mtoni, kama zile tulizozitumikia jeshini, wewe ukiwa nahodha na mimi fundi wa kulehemu karakanani. Sinunui kipande kilicho tayari. Bati la kopo la maziwa hulikata likawa ngao ya bunduki, waya wa breki ya baiskeli huwa reli ya sitaha, na ribiti, vile vichwa vya pini za kuungia mabati, huzitokeza moja moja, kwa kuligonga bati nyuma kwa msumari butu. Kila futi ishirini za chombo huwa futi moja ya mfano. Watu siwaweki, kwa kuwa sichongi sura ya kiumbe. Sasa naona utupu huo ndio ulionifumba macho, maana sitaha isiyo na mtu haikuulizi mtu atapita wapi.

Boti tatu za kwanza nilizigandisha mifuniko kwa gundi. Ya nne ni ya skuli moja ya Wete, na mwalimu mkuu aliomba wanafunzi waweze kuziona injini. Kwa hiyo mfuniko wa nyuma, ule wa kutokea wakati wa hatari, nikautia bawaba. Nikaiunda boti ile ile yako, kama ilivyokuwa siku zake za mwisho, pamoja na kiweko cha pili cha chuma cha kukalia sanduku la risasi, kilichoongezwa baadaye.

Jumatatu alikuja Mzee Faki, mvuvi wa Makoongwe, ambaye kazi yake hapa kwangu ni kunywa kahawa na kunitoa makosa. Akauinua mfuniko kwa ncha ya kijiti. Ukagota.

"Mwalimu, huu mbona haufunguki?"

"Usiulazimishe, bawaba bado mpya."

"Si bawaba. Unagota kwenye mkono wa kiweko, hapa." Akachukua kipande cha muhogo sahanini, akakikata kimo cha kidole cha kati na unene wa mtu kwa kipimo kile. "Huyu hana uso, dhambi huna." Akajaribu kumpitisha. Hakupita. Akacheka. "Chombo cha vita hichi? Mie naona mtego wa panya. Fundi wake alikuwa kalala?"

Nikauinua mfuniko mwenyewe, ukagota pale pale. Akanitazama usoni, akaweka kikombe chini.

"Shehe, nimekukosea?"

"Hujanikosea. Fundi wake ni mimi."

Salum, siku ile moto ulipozuka chumba cha injini, ulimzibia Hamisi, baharia wako, mlango wa mbele aliouingilia. Akabakiwa na mfuniko wa nyuma, naye hakutoka. Uliwaambia wachunguzi, "Sikuutia komeo. Haukufunguka." Lakini walipofika wao ulikuwa unafunguka, kwa kuwa mlikwisha kuupinda mkono wa kiweko kwa mtaimbo mkihangaika kumtoa, na katika vyuma vilivyoungua hakuna aliyeuliza kipi kilipindwa na nini. Ikaandikwa kwamba wewe uliutia komeo kwa uzembe. Ukavuliwa cheo, ukarudi nyumbani, na Bi Zuhura, mama yake Hamisi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hajakuitikia salamu hadi leo. Nami kaka yako nilikuja nikakwambia mbele ya mkeo, "Mche Mungu, Salum, useme kweli." Nawe ulikwisha kuisema.

Faki alipoondoka nilifungua sanduku langu, nikalitafuta daftari la karakana, nikitaraji, Mungu anisamehe, kwamba litayafuta niliyoyaona. Halikuyafuta. Kwa mwandiko wangu: kiweko cha pili, mkono upite juu ya mfuniko, nafasi ya shibri moja. Nilipima mfuniko ukiwa umefungwa. Nikalehemu, wala sikuuinua kuujaribu, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa nami nilitaka kuwahi safu ya mbele. Siku ya moto, kiweko kile kilikuwa na siku tatu tu.

Nilimweleza Bi Mize. Akasema, "Yameshapita, Mwalimu. Bi Zuhura kazeeka. Utamzikisha mwanawe mara ya pili."

"Na Salum je?"

Akaniletea karatasi. "Basi usimwambie kwa simu. Simu mtu huikata."

Kwa hiyo nimeandika, na barua hii iwe ushahidi. Faki na Bi Mize wametia sahihi nyuma. Ukiridhia, mpe imamu wetu aisome mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, asipunguze neno. Kwa Bi Zuhura usiipeleke. Kwake nitakwenda mwenyewe. Skuli nimeiomba isubiri. Juma lijalo, inshallah, nitapanda meli Mkoani na chombo kile mkononi. Kiweko sikukihamisha. Nitauinua mfuniko mbele ya Bi Zuhura, ugote, kisha aniulize atakalo.

Radhi yako naihitaji kuliko dawa zangu zote, maana haki ya mja Mwenyezi Mungu haifuti mpaka mwenyewe aiachilie. Lakini siiombi kwa karatasi. Nikibisha hodi nawe usitake kunifungulia, nitakaa nje wala sitanung'unika. Wewe umekaa nje miaka ishirini na sita.

Nisalimie shemeji yangu Bi Hadija, ambaye alikuamini peke yake. Shangazi yetu Somoe, aliyetulea. Na mwanao Athumani, fundi cherehani.

Mwenyezi Mungu akuinue pale uliposhushwa, aijaze nyumba yako utulivu, awahifadhi wote walio chini ya paa lako, na amrehemu Hamisi. Amin.

Kaka yako,
Rashidi bin Athumani