Ampli ya Lampe Tatu

Jumapili, 27 Julai 2025

Ampli ya Baba, ile ya kukuza sauti ya gitaa, imempiga kaka yangu Patient umeme. Madhabahuni, mbele ya kanisa zima.

Niandike kwa utaratibu. Kwaya ilikuwa imesimama kwa wimbo wa kwanza. Miguu mitupu sote — kwetu hakuna anayepanda madhabahuni na viatu. Patient akavaa gitaa, akaweka vidole kwenye nyuzi. Akarushwa nyuma. Hakupiga kelele. Alianguka juu ya ngoma na gitaa likaanguka juu yake. Mama alimfikia kabla yangu. Alikuwa anapumua, macho wazi, vidole viwili vimeungua.

Wakati tunamnyanyua nikasikia sauti ya Mzee Baudouin nyuma yangu, taratibu kabisa: "Ile kintu haipigake mutu bure."

Tukambeba mpaka nje.

Jumatatu, 28 Julai

Patient ni mzima. Anakula. Ananitania kwamba sasa nywele zake zimenyooka bila saluni.

Lakini jioni Mzee Baudouin alikuja na wazee wawili wa kanisa. Yeye ni baba mdogo wa Gisèle, mchumba wa Patient, na posa inapita mikononi mwake. Wamekalia viti, wamekataa chai. Neno lao: Jumapili mbili zilizotangulia Patient alipiga gitaa lilelile, ampli ileile, hakuguswa. Kwa hiyo ampli haijabadilika. Aliyebadilika ni nani? Aseme alichoficha, mbele ya watu, ndipo mazungumzo ya ndoa yaendelee. Mpaka hapo asipande madhabahuni.

Patient akauliza, "Mzee, niseme nini sasa?"

"We mwenyewe njo unajua."

Mama alitazama sakafu muda wote. Nilitaka aseme kitu.

Jumatano, 30 Julai

Nimeomba ampli iletwe nyumbani. Wamekubali upesi mno — hakuna anayetaka kulala nayo chumba kimoja.

Baba aliinunua Bukavu kwa mwalimu Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, na tulipokimbia akaivusha mpaka huku kambini, akiacha godoro. Mama hakumsamehe lile godoro mpaka Baba alipokufa. Ni sanduku la mbao nyembamba, kitambaa cha mbele kilishachanika, sasa ni kitenge. Lampe tatu, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Spika moja ndogo kama sahani. Haikuwa ampli ya wakubwa hata ilipokuwa mpya. Ilitengenezwa kwa wanafunzi, kwa watu waliotamani ile nyingine wakakosa uwezo, na aliyeitengeneza alibana kila alipoweza.

Na bado. Piga nyuzi polepole, inaimba safi. Kaza mkono, sauti inakwaruza pembeni, kama koo la mtu aliyetoka kulia na hataki ujue. Ampli mpya ya kanisa la jirani ina vifungo ishirini, na hakuna hata kimoja kinachofanya hivyo. Ile ukiikaza inafoka tu. Hii inalegea kidogo, kisha inakurudia. Unahisi kama kuna mtu ndani anayesikiliza.

Sitaki waitupe. Ila si hilo linaloninyima usingizi. Wakiitupa leo, Patient atabaki mtu aliyepigwa.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimeifungua. Kwanza nimeiacha siku mbili nje ya umeme, kisha nimemaliza umeme uliobaki kwenye kondensa, vile vikopo vinavyoutunza hata plagi ikitoka — Baba alinifundisha: mkono mmoja ndani, mwingine mfukoni.

Ndani hakuna kitu kisichoonekana. Waya umetoka hapa, umekwenda pale, umeunganishwa kwa lehemu ya mkono wa mtu. Naweza kuufuata kwa kidole toka plagi hadi spika. Hicho ndicho nakipenda kwenye vitu hivi vya bei ya chini vya zamani. Havikuwa na uwezo wa kununua siri.

Nikaufuata. Na nikaona kile ambacho mtengenezaji alikibana kuliko vyote: hakuna transfoma ya kuingizia umeme. Waya mmoja wa ukutani umefungwa moja kwa moja kwenye bati la ndani. Bati limeshikana na soketi ya gitaa. Soketi na nyuzi.

Kwa hiyo nyuzi za gitaa ni waya wa ukutani. Kinachobaki ni kujua ni upi kati ya ile miwili: wenye umeme, au usio nao.

Nimekaa chini. Plagi yake ni ya Kizungu, ya miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu za ukutani zina matundu matatu. Kila Jumapili mtu anachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, kisha anasukuma plagi ndani. Upande wowote. Hakuna anayeangalia upande! Ikiingia hivi, nyuzi hazina kitu. Ikiingia vile, ziko hai. Na sakafu ya madhabahu ni udongo, inanyunyizwa maji asubuhi vumbi litulie, halafu sisi tunapanda miguu mitupu.

Alhamisi kwenye mazoezi hatupandi madhabahuni, tunavaa viatu na sakafu ni kavu. Ndiyo maana inaonekana inachagua siku ya Bwana.

Nilipata alama nzuri za fizikia S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na kila siku nafundisha watoto wa watu umeme kwa chaki. Nimepita karibu na plagi hii tangu kanisa lipate umeme wa nguzo. Sikuwahi kuitazama.

Jumapili, 3 Agosti

Patient alikaa benchi la mwisho. Kwaya iliimba bila gitaa. Wimbo ulikuwa mrefu sana.

Nilimweleza Mzee Baudouin habari ya plagi baada ya ibada. Alinisikiliza vizuri, mikono nyuma. Kisha: "Binti yangu, na ile siku, nani aliigeuza plagi?" Nikasema hakuna, ni bahati tu. Akatabasamu. "Bahati. Unaona?"

Jumanne, 5 Agosti

Patient ameamua. Jumapili ijayo wakati wa shuhuda atatubu.

Tulikuwa tunachambua maharage ya dukani kwake. Alisema kama mtu anayesema atakwenda kinyozi.

"Utatubu nini?"

"Nitasema nilikunywa pombe Mbarara ile Jumamosi kabla ya kupigwa. Pombe banasamehe."

"Ulikunywa?"

"Sonia. Soda njo nilikunywa."

Nikamwambia huo ni uongo, na atausemea madhabahuni. Akasema nimletee ukweli unaotosha, atausema huo. Kisha akaniuliza kama mawe haya ninayoyaweka pembeni nataka kuyapika. Nilikuwa natupa maharage na kubakiza mawe.

Ninachokijua na yeye hakijui: babake Gisèle aliuawa na pombe. Hawasemi hivyo, wanasema ini. Gisèle aliniambia mimi peke yangu, mtoni, mwaka jana: mwanamume anywaye hatamwoa, hata akiwa malaika.

Zimebaki siku tano.

Jumatano, 6 Agosti

Mbarara. Mtaa wa Nyamityobora, kwa fundi redio anayeitwa Rwabushaija. Mzee mnene, miwani imefungwa kwa waya, duka limejaa televisheni zilizokufa. Nilikwenda na ampli ndani ya gunia.

Aliitoa kwa mikono miwili. Akaipapasa lampe moja kwa kitambaa.

"Nyabo, dada, hii umetoa wapi? Hii hapana kuwa mingi tena. Wapiga gitaa ya Kampala natafuta hii kama dawa."

Nikamuuliza kwa nini, nilitaka kusikia mtu mwingine akisema. Akasema ile kubwa ya bei inapiga kelele mpaka kwa jirani, lakini hii ndogo inalia chumbani na bado inalia kweli. Akasema mtu akitengeneza kitu na pesa kidogo, anaacha makosa, na makosa ndiyo utamu. Nilitamani kumkumbatia.

Kisha akatoa ofa: nimwachie, anipe mpya nyeusi yenye magurudumu, na spika mbili juu. Alinionyesha. Ilikuwa inang'aa. Nikaona Mama akifurahi, nikaona kwaya ikifurahi. Nikaona pia ampli imetoweka na hakuna shahidi wa kuulizwa tena.

Nikasema nataka transfoma. Ile ambayo upande wa kuingia na upande wa kutoka hazigusani, ili bati lisishikane na ukuta.

"Wewe naharibu biashara yangu," akasema, lakini alikuwa anacheka. Ametoa transfoma mbili kutoka kwenye mashine zilizokufa, akanionyesha kuziunganisha mgongo kwa mgongo. Na bisibisi ya testa, ile yenye taa ndogo kwenye mpini inayowaka ikigusa umeme, akaniongezea bure.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefunga transfoma kwenye kisanduku chake, kati ya ukuta na ampli. Inafanya kazi. Nagusa nyuzi kwa testa: giza. Nageuza plagi: giza. Nimepiga kwa nusu saa, miguu mitupu, kwenye udongo niliomwagia ndoo nzima. Mama alisimama mlangoni na fimbo ya mbao ya kunitenganisha na umeme, anaomba kwa sauti.

Halafu nikaelewa upumbavu wangu.

Ampli salama haithibitishi chochote. Watasema: tazama, haimpigi Sonia, Sonia hana kitu. Patient alikuwa nacho. Nikiitengeneza, nimefuta ushahidi. Nikiiacha, ushahidi wangu ni mtu mwingine kuanguka.

Nimezunguka chumba. Mama kaniambia nikae, namtia kizunguzungu.

Testa. Testa haidhuru. Taa yake inawaka kwa mtu yeyote anayeishika. Si lazima mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilimwomba Pasta Gervais dakika kumi kabla ya ibada. Akauliza kama kutakuwa na moshi. Nikasema hapana. Akakubali.

Patient nimemweleza yote. Ameitikia tu. Hajasema kama ameacha shauri lake la pombe. Nilitaka kumwambia habari ya Gisèle na pombe, nikakumbuka nilivyomwahidi kule mtoni nisiseme. Nimeuma ulimi hadi sasa hivi. Kesho asubuhi, kama sioni njia nyingine, nitavunja ahadi.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika kanisani, daftari ndani ya Biblia. Sijali.

Saa mbili wazee walikuwepo wote, sakafu imeshanyunyizwa. Nilichomeka ampli bila transfoma, upande mbaya. Nikampa Pasta testa. Akagusa nyuzi: taa ikawaka ndani ya mkono wake. Nikampa mzee wa kwanza. Ikawaka. Wa pili. Ikawaka. Mzee Baudouin aliishika kwa vidole viwili kama panya. Ikawaka.

Nikageuza plagi. Giza kwa wote. Nikarudisha, nikaunganisha transfoma. Giza upande huu, giza upande ule. Sikuhubiri. Nilisema tu: inawaka kwa kila aliyeishika.

Mzee Baudouin akaigeuza testa mkononi. "Njo kusema, sisi bote tuko na zambi."

Pasta akakohoa. "Hiyo, Mzee, tulishaijua."

Mmoja akacheka, akajificha kwenye leso. Lakini Mzee Baudouin hakucheka. Akasema shuhuda zibaki kwenye ratiba, kijana aseme mwenyewe. Wengine hawakumpinga. Nilitafuta nafasi ya kuongea na Patient nje — watu walishajaa mlangoni, na yeye alikuwa katikati ya wanaume.

Sasa ni shuhuda. Mama mmoja ameshukuru kwa mvua. Gisèle yuko benchi la tatu, shingo imenyooka, haangalii nyuma. Pasta ameita jina la kaka yangu.

Amesimama. Anatembea. Nimechelewa, ahadi yangu imebaki nzima na haina faida.

Amevua viatu. Mikrofoni iko mbele yake, Mzee Baudouin ameisogeza kabisa kwa ajili yake. Ameipita.

Ameinama kwenye ampli, ameiwasha, anavaa gitaa. Lampe hazijibu papo hapo, zinahitaji nusu dakika kupata moto. Ameweka mkono wazi juu ya nyuzi zote sita, ameuacha hapo, na anawatazama. Hajarushwa. Sauti bado haijaja.